Anzia Kwenye Kitovu: Mwongozo wa Kuchora Mandala Uwanjani Kwako

Namasakata, kama katika vijiji vingi vya mkoa wa Ruvuma, siku huanza na ufagio. Kabla jua halijapanda juu ya mikorosho, uwanja umeshafagiliwa, na mistari ya ufagio imelala juu ya mchanga kama mawimbi madogo yaliyotulia. Kisha kuku hutoka bandani, watoto hukimbilia shule, baiskeli hupita, na mistari ile hupotea. Lakini kati ya ufagio na nyayo za kwanza ipo robo saa hivi ambayo uwanja ni safi na nyumba iko kimya. Mwongozo huu unahusu robo saa hiyo: namna ya kuitumia kuchora duara ardhini, kutuliza moyo, kuipima nafsi na kuingia katika siku ukijua umesimama wapi.

Duara hilo duniani linaitwa mandala. Ili ulichore huhitaji kipaji wala fedha. Unahitaji vijiti viwili, kamba, ardhi, na utayari wa kukaa na nafsi yako bila simu mkononi.

MANDALA NI NINI

Mandala ni neno la Kisanskriti, na maana yake ni duara. Kwa Wahindu na Wabuddha ni mchoro wa ibada. Watawa wa Tibet hukaa siku kadhaa wameinama juu ya meza, wakimimina mchanga wa rangi kidogo kidogo kwa mrija mwembamba wa chuma, wakianzia katikati na kuelekea nje. Ukishakamilika, mchoro husomewa dua, kisha hufagiliwa wote, na mchanga wake humwagwa mtoni. Kusini mwa India, wanawake wa Kitamili huchora kolam mbele ya mlango kila asubuhi kwa unga wa mchele. Jioni inapofika, kolam imeshakanyagwa na wapita njia au kuliwa na sisimizi na ndege. Hata hapa kwetu, Wahindu wa Dar es Salaam na miji mingine hupamba vizingiti vya nyumba zao kwa rangoli wakati wa Diwali.

Mtu aliyeitambulisha mandala kama njia ya mtu kujijua, hata nje ya ibada hizo, ni Carl Gustav Jung, daktari wa akili kutoka Uswisi. Alichora mandala yake ya kwanza mwaka 1916. Kati ya 1918 na 1919, akiwa katika utumishi wa kijeshi mjini Château-d'Oex, alichora duara dogo daftarini kila asubuhi. Siku moja alipokea barua iliyomkera. Duara alilochora kesho yake lilitoka na ukingo uliopasuka upande mmoja, na ulinganifu wake umevunjika. Hakuwa amekusudia kuchora hasira yake. Mkono ulisema kile ambacho kinywa kilikuwa hakijasema.

Mtu huyo alifika Afrika Mashariki. Mwaka 1925 aliteremka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akaenda kukaa miongoni mwa watu wa Mlima Elgon. Huko alisikia habari ya watu waliotoka nje alfajiri, wakatemea mate viganja vyao na kuvielekeza kwenye jua lililokuwa linachomoza. Alipowauliza wazee maana yake, hawakumpa maelezo marefu; walimwambia ndivyo walivyofanya siku zote. Yeye aliyezoea kutafuta maana ya kila kitu alijifunza kwamba kuna matendo yanayomlea mtu kabla hajayaelewa. Chukua somo hilo unapoanza. Chora kwanza. Maana itakuja kwa miguu yake.

DUARA HALIKUANZIA UGENINI

Usidhani unajifunza jambo geni kabisa. Mtazame mama anayeshona kawa ya kufunikia chakula. Huanza na kipande kidogo cha ukili, anakikunja, anakizungusha, anashona, anazungusha tena, na kila mzunguko unaegemea ule uliotangulia. Mfinyanzi naye huanza na kitako cha chungu kabla ya kuinua ukuta wake. Wote wawili wanajua kwamba kosa la mwanzo huonekana hadi mwisho. Mzunguko wa kwanza ukipinda, wa ishirini utapinda zaidi.

Magharibi yetu, kwa Wachokwe wa Angola na majirani zao wa Kongo na Zambia, kuna sanaa ya kuchora mchangani iitwayo sona. Mchoraji husawazisha mchanga, huweka vitone kwa ncha za vidole kwa nafasi zilizo sawa, kisha hupitisha mstari kuvizunguka huku akisimulia hadithi. Mkono haupaswi kusita wala kuinuka. Kusita kulihesabiwa kuwa ni kutojua. Mwanahisabati wa Msumbiji, Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuonyesha hisabati iliyomo ndani ya michoro hiyo na undugu wake na ususi wa mikeka.

Na katika nchi ya Wayao, ardhi imekuwa ikichorwa kwa ajili ya kufundisha tangu zamani. Mwaka 1955 Meredith Sanderson alichapisha huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, maelezo ya michoro ya ardhini iliyotumika katika jando na unyago wa Wayao. Naitaja ili ujue kwamba ardhi yetu imeshakuwa ubao wa kufundishia utu. Lakini michoro ile ina wenyewe, ina wakati wake, na ina siri zake. Usiiige. Iachie kwa makungwi na wazee wanaoitunza, nawe uchore ya kwako.

Lugha yetu yenyewe imelibeba somo hili kwa neno moja. Katikati ya duara tunapaita kitovu. Na mtu akiulizwa kwao ni wapi, husema ni pale kilipozikwa kitovu chake. Neno moja linataja kati ya duara, alama ya mama mwilini mwako, na mahali unaporudi baada ya kuzunguka dunia. Kuchora mandala ni mazoezi ya kurudi hapo. Yote yaliyomo katika mwongozo huu ni njia ya kuitimiza kazi hiyo.

KABLA YA KUANZA: DINI, JIRANI NA VIFAA

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni la imani, na linastahili jibu la wazi. Wahindu na Wabuddha hutumia mandala kwa ibada yao. Mwongozo huu haukuiti kwenye ibada hiyo. Unachukua nidhamu ya duara: kukaa kimya, kutafuta kati, kujaza kwa subira na kuachia. Duara la maua na nyota limepamba misikiti kwa karne nyingi, na madirisha ya duara yamepamba makanisa makuu ya Ulaya. Wewe anza kwa dua au sala ya dini yako. Usichore sanamu ya kuabudiwa. Na usiandike jina la Mungu, aya wala mstari wa maandiko ardhini, mahali ambapo mguu utapita. Kama dhamiri yako bado ina wasiwasi, muulize sheikh, padri au mchungaji wako kabla ya kuanza. Tendo la kutuliza nafsi halifai kuanzia katika wasiwasi.

Swali la pili ni la jirani. Katika nchi yetu unga uliomwagwa ardhini unasema kitu. Wayao wa zamani walimimina unga chini ya mti wa msolo walipowaendea wahenga kwa maombi, na mpaka leo mtu akikuta duara la unga njiani hupita mbali. Kwa hiyo shika mambo matatu. Usitumie unga, kwanza ni chakula, na pili unabeba maana ambayo hukuikusudia. Usichore njia panda, makaburini wala kwenye uwanja wa mwingine. Na chora mchana, mbele ya watu wa nyumbani, ukiwaeleza unachofanya. Jambo la heri halihitaji giza.

Vifaa vyenyewe ni hivi:

Vijiti viwili vilivyonyooka, vyenye urefu wa shibiri moja. Kamba isiyovutika, kamba ya katani au uzi mnene wa pamba unafaa kuliko mpira. Mchanga mweupe wa mtoni, uliochekechwa. Jivu la jikoni lililopoa. Mkaa uliotwangwa. Udongo mwekundu, na ule wa kichuguu ni mzuri zaidi kwa sababu ni laini. Maganda ya mpunga, kokwa za maembe, magunzi yaliyovunjwa, majani makavu, mbegu za mbarika. Weka kila kitu katika kifuu au kopo lake.

Tahadhari mbili za mikono. Katika msimu wa korosho utatamani kutumia maganda yake kwa sababu yamejaa kila mahali. Yaache. Ganda la korosho ghafi lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na anayezibangua anajua. Mbegu za mbarika nazo ni sumu zikitafunwa, kwa hiyo kama kuna mtoto mdogo nyumbani usizitumie kabisa.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: fagia. Fagia mwenyewe, hata kama kuna mtoto wa kutumwa. Fagia kwa mapana ya hatua nne kwa nne, ukianzia nje na kumalizia ndani. Wakati wa kiangazi nyunyiza maji kidogo ili vumbi lilale. Ufagio ni sehemu ya mandala kama vile kunawa kulivyo sehemu ya mlo.

Hatua ya pili: kaa na uweke nia. Chutama au kaa juu ya kigoda. Vuta pumzi mara kumi, polepole, ukiisikiliza inavyoingia na kutoka. Kisha sema nia yako kwa sentensi moja, kwa sauti unayoisikia mwenyewe. Usiseme, "Nataka kuwa mtu bora." Hilo ni pana mno, halishikiki. Sema, "Leo nataka kujua kwa nini nilimfokea mwanangu jana." Nia ndogo huchimba ndani zaidi.

Hatua ya tatu: chomeka kitovu. Simama mahali unapoona ni kati, inama, uchomeke kijiti cha kwanza kikae imara. Ukishakichomeka usikihamishe. Hata kama baadaye utaona kingekaa vizuri zaidi kushoto kidogo, kiache. Mandala yote itajipanga kukizunguka pale kilipo, na wewe pia utajifunza kuanzia pale ulipo, hata kama si pale ulipotamani.

Hatua ya nne: zungusha kamba. Pima kamba ya dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Funga ncha moja kwenye kitovu kwa kitanzi kinachozunguka bila kujiviringa, na ncha nyingine kwenye kijiti cha pili. Kaza kamba, kisha zunguka taratibu ukichora. Ukilegeza kamba, duara litaingia ndani. Ukiivuta kwa nguvu, kitovu kitalegea. Utaona kwamba mkono unahitaji mvuto mmoja tu, ule ule, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu wengi hulipata somo lao la siku hapa hapa.

Hatua ya tano: tafuta mashariki. Tazama jua linapotokea, uweke alama juu ya mzingo wa duara upande huo. Ukilielekea jua, kaskazini iko kushoto kwako, na kusini, ulipo Mto Ruvuma, iko kulia. Ukichora mwaka mzima utaona alama yako inahama, kwa sababu jua huchomoza mashariki halisi siku chache tu, karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Mwezi Juni huchomoza likielekea kaskazini, na Desemba likielekea kusini. Muislamu wa Ruvuma atakumbuka pia kwamba kibla kwetu ni karibu kaskazini kabisa, ikielekea mashariki kidogo sana. Hivyo duara lako limekwisha kujua jua na dua zako vinaelekea wapi.

Hatua ya sita: chora petali sita. Hapa ndipo penye raha. Usibadilishe urefu wa kamba. Kiache kijiti cha kitovu mahali pake, ukitoe kitanzi tu, ukikandamize kwa kidole gumba pale penye alama ya mashariki, kisha chora upinde ndani ya duara. Upinde huo utapita juu ya kitovu na kukata mzingo mahali pawili. Nenda kwenye moja ya sehemu hizo, ifanye kuwa kati mpya, chora upinde mwingine. Endelea hivyo kulizunguka duara. Baada ya hatua sita utajikuta umerudi kwenye alama ya mwanzo, bila kupungua wala kuzidi, na ua la petali sita limefunguka mbele yako. Alama ya nne itakuwa imeangukia upande wa magharibi, mkabala kabisa na ya kwanza, ingawa hukuilenga. Ua la namna hii utaliona pia katika nakshi za milango ya kuchonga ya Waswahili kule pwani. Urefu wa kamba ukiwa mmoja, duara hugawanyika lenyewe mara sita. Hakuna ujanja mwingine.

Hatua ya saba: zipe petali majina. Petali sita ni sehemu sita za maisha yako. Anza na hizi, kisha ubadilishe kadiri unavyojijua: mwili, nyumba na familia, kazi na riziki, majirani na marafiki, elimu, na ya sita ni kati yako na Mungu. Iliyo mashariki iwe ile inayohusu nia ya leo.

Hatua ya nane: jaza kutoka ndani kwenda nje. Chota mchanga kwa dole gumba na vidole viwili, uuache udondoke kwa wembamba kama chumvi juu ya mboga. Jaza kitovu kwanza, halafu petali moja baada ya nyingine. Jaza kwa ukweli. Petali ya sehemu unayoiona imeshiba ijae. Ile iliyonyauka iache nyembamba. Kama hujamtembelea dada yako mgonjwa tangu mavuno, usiijaze petali ya familia ili duara lipendeze. Duara linalodanganya ni pambo. Duara linalosema kweli ni muhasaba wa nafsi.

Hatua ya tisa: funga ukingo, acha mlango. Zungushia ukingo mstari wa jivu au majani. Upande unaoelekea mlango wa nyumba yako acha uwazi wa upana wa kiganja. Mandala za kale zilichorwa na milango yake; ya kwako iwe na mmoja, kukumbusha kwamba unachokipata katikati hakina faida kikibaki humo. Lazima kiingie nyumbani.

KUSOMA DUARA LAKO

Ukimaliza, simama. Rudi nyuma hatua tatu. Usihukumu uzuri wake. Jiulize maswali matatu tu, kwa utaratibu huu.

Mkono ulikimbia wapi? Mahali mchanga ulipomwagika kwa fujo ndipo ulipotaka kutoroka. Inawezekana hapo pana jambo usilotaka kulitazama.

Mkono ulikawia wapi? Petali uliyoipamba kwa muda mrefu inaweza kuwa ile unayoipenda, au ile unayoiogopa na kuifunika kwa mapambo. Wewe ndiye unayejua.

Leo nitafanya nini kimoja? Kiwe kitendo kinachoweza kufanyika kabla jua halijatua: kumpigia mtu simu, kulipa deni dogo, kwenda zahanati kupima yale maumivu uliyoyaahirisha, kuomba radhi. Mandala isiyozaa tendo ni sawa na kuotesha mbegu na kuiacha kwenye kitalu.

Usimsomee mwingine duara lake. Si ramli. Rangi nyeusi haimaanishi mkosi, wala ukingo uliovunjika si dalili ya balaa. Kila mtu ni msomaji wa duara lake mwenyewe, basi.

ZOEZI LA MSTARI MMOJA

Ukishazoea duara, jaribu njia ya sona kwa siku ambazo akili imetawanyika na haitaki kukaa. Sawazisha mchanga. Kwa ncha za vidole weka vitone katika safu 2 za vitone 3 kila moja, kwa nafasi sawa. Weka kidole nje kidogo ya kitone cha pembeni, kisha peleka mstari kwa mshazari, upite kati ya vitone. Ukifika nje ya safu ya mwisho, zunguka kitone na kurudi ndani, kama mpira uliogonga ukuta. Usiinue kidole. Mstari utavizunguka vitone vyote na kurudi ulikoanzia.

Kisha jaribu safu 3 za vitone 4. Mstari mmoja utatosha tena. Lakini ukijaribu safu 4 za vitone 4, utahitaji mistari minne; na kwa safu 4 za vitone 6, miwili. Kanuni ni kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili, kile ambacho watoto hufundishwa shuleni. Namba zisizo na kigawo kingine cha shirika zaidi ya 1 huunganishwa na mstari mmoja. Waonyeshe wanafunzi wa nyumbani kwako. Wataona kwamba hesabu yao ilikuwa imekaa mchangani ikiwasubiri.

Ukikosea katikati, usirekebishe. Sawazisha mchanga wote, weka vitone upya. Utashangaa jinsi hasira ya kukosea inavyopungua mara ya tano, na jinsi utulivu huo unavyokufuata hadi kwenye mambo mengine.

JUMA LA KWANZA

Kiswahili huhesabu siku kuanzia Jumamosi, nasi tuanzie hapo. Jumamosi, siku ya mosi, chora kitovu na duara tupu. Usijaze chochote. Kaa ulitazame. Jumapili ongeza petali sita bila majina. Jumatatu zipe majina. Jumanne jaza petali moja tu, ile iliyo dhaifu kuliko zote. Jumatano jaza zote. Alhamisi fanya zoezi la mstari mmoja. Ijumaa usichore, fagia uwanja, kaa mahali pale pale, uone kama unaweza kukipata kitovu bila kijiti.

Masika yakikukuta, Desemba hadi Aprili, ardhi itakuwa tope. Hamia barazani, utumie ungo wenye mchanga mkavu, au karatasi na kifuniko cha sufuria kwa kuchorea duara. Duara halina msimu.

Unaweza pia kuchora na wengine. Mume na mke wanaoshindwa kuzungumza wanaweza kujaza duara moja bila kusema neno, kila mmoja akianzia upande wake hadi mikono ikutane. Watoto wapewe duara lao. Waache wachague rangi bila kusahihishwa. Kwa aliyefiwa, duara ni mahali pa kukaa wakati maneno hayatoshi. Lakini huzuni ikizidi, usingizi ukikatika kwa wiki nyingi, au mtu akianza kuona hana sababu ya kuishi, asibaki na mchanga peke yake. Apelekwe kwa wahudumu wa afya, na wapendwa wake wakae karibu naye.

KUFUTA

Imebaki hatua ya mwisho, nayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Duara langu la kwanza lililotoka vizuri nililifunika kwa beseni. Mama yangu alikuwa amefariki miezi miwili kabla, na petali ya nyumba nilikuwa nimeijaza kwa mchanga mweupe niliouchota mtoni mahali alipokuwa akifulia. Sikutaka kuku aliguse. Nilimfukuza mtoto wa jirani aliyekaribia. Siku nzima nililinda beseni, sikufanya kazi yoyote ya maana, na jioni nilipolifunua, mchwa walikuwa wamepita chini yake na kuchora njia zao. Nilikaa pale nikalia kilio ambacho sikukilia matangani. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimelichora duara lakini sikuwa nimelimaliza.

Kwa hiyo futa. Futa siku ile ile, kabla ya machweo, kwa mkono wako mwenyewe. Usiwaachie kuku wala mvua, kwa sababu kuachia ni tendo, nalo lina mwenyewe. Anza na ukingo, uje petali kwa petali, ukiitaja kila moja kwa jina lake, hadi ubaki na kijiti peke yake. Kusanya mchanga na udongo mkononi. Kama uko karibu na mto, umwage majini. Kama sivyo, utandaze chini ya mti unaokua, kwenye mche wa mwembe au mkorosho. Jivu lake litaulisha.

Kijiti cha kitovu kichomoe mwisho. Kitaacha tundu dogo ardhini. Usilizibe. Kesho asubuhi, ufagio ukishapita na uwanja ukiwa safi tena, litafute kwa kidole. Hapo ndipo utakapoanzia.